Mama anakuja kutoka Tanga: Fort Stevens, Cape Disappointment au Fort Worden?

MwanaChumbageni (Kent, Washington)

Wanajamvi, habari za jioni. Mama yangu anafika mwezi wa saba kutoka Tanga, mara yake ya kwanza Marekani. Ana miaka 71, goti la kulia linamsumbua, na kwenye simu ameshanionya kwamba hakuja huku kuzungushwa madukani. Anataka bahari. Sisi tuna watoto watatu, wa miaka 12, 9 na 4, na yule mkubwa kichwani mwake hamna kitu isipokuwa manowari na mizinga.

Nikatafuta hifadhi za jimbo zilizo pwani zenye vyote kwa pamoja: ufuo, njia za kutembea, na ngome ya zamani ya jeshi. Nimebakiwa na tatu. Fort Worden, kule Port Townsend. Cape Disappointment, karibu na Ilwaco, kwenye kona ya kusini magharibi ya Washington. Na Fort Stevens, ng'ambo ya mto, upande wa Oregon, baada ya Astoria.

Siku tunazo mbili tu, Jumamosi na Jumapili. Gari moja la viti saba. Msinitumie orodha za mitandaoni, nimezisoma zote na kila mahali pameandikwa "panafaa kwa familia". Nataka kusikia kwa mtu aliyekwenda na miguu yake.

Kijana wa Tukwila

Buda, Fort Worden, halafu jioni unalala kwako. Hizo zingine mbili ni saa tatu na zaidi barabarani, na mtoto wa miaka minne nyuma anauliza "tumefika?" kuanzia Olympia.

Worden ina ufuo wa kama maili mbili, mnara wa taa wa Point Wilson hapo kwenye ncha, na juu ya mlima kuna mahandaki ya zege ya mizinga ambayo mnaingia bure, hakuna mlinzi, hakuna tiketi ya ziada. Ndani ni giza totoro. Beba tochi, usitegemee simu. Mimi nilitegemea simu, ikafika asilimia nne tukiwa kwenye korido nisiyoijua, na shemeji yangu akaanza kusoma Zaburi.

Na kitu ambacho hawakukuandikia kwenye hizo orodha: njiani unapita daraja la Hood Canal, daraja linaloelea. Likifunguka kupisha nyambizi ya jeshi kutoka kambi ya Bangor, kaa tu, zima gari. Sisi tulikaa karibu saa nzima na watoto wakaniambia hiyo ndiyo ilikuwa sehemu tamu ya safari.

Mama Neema (Portland)

Jambo bandugu. Siye ba Portland tunaendaka Fort Stevens kila mwaka, tangu batoto bakiwa badogo. Mwanangu, kwa mama mwenye goti, nenda kule.

Sababu ya kwanza: njia zake ni za lami na ni tambarare. Kuna kama maili 15 za baiskeli na kutembea, hazina milima. Ya pili: mule ndani kuna ziwa, Coffenbury Lake. Batoto banaoga ziwani, si baharini. Maji ya ziwa haina wimbi, unakaa kwenye nyasi na sufuria yako, unabaona bote. Ya tatu: ile meli iliyovunjika, Peter Iredale, unapaki gari, unatembea dakika mbili, uko nayo. Mama hatapanda kitu.

Na msilale kwenye hema la kawaida. Kuna zile nyumba za mviringo za turubai, banaita yurt, ziko na vitanda na hita na mlango wa kufunga. Lakini unaomba mapema. Oregon banafungua nafasi miezi sita mbele, na za mwezi wa saba zinakwisha mbio sana. Ingia kila asubuhi uangalie kama mtu ameacha yake.

Rubani wa Kilindini (Vancouver, Washington)

Salaam. Nilifanya kazi bandari ya Mombasa miaka mingi kabla ya kuletwa huku na wanangu, kwa hiyo mnisamehe nikiiangalia hii habari kutoka majini.

Hizi mbili, Cape Disappointment na Fort Stevens, msizihesabu kuwa sehemu mbili mbali mbali. Ni mlango mmoja. Mto Columbia unatoka katikati, ngome moja kaskazini na moja kusini, kama mtu aliyesimamisha askari kwenye kila mwimo. Kulikuwa na ya tatu pia, Fort Columbia, ndani kidogo. Zile mbili za mdomoni zilianza wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, miaka ya 1862 hadi 1864. Kutoka moja kwenda nyingine ni kama dakika 40 tu, ukipita daraja la Astoria ambalo lina urefu wa zaidi ya maili nne. Huyo mama atalikumbuka hilo daraja kuliko ngome yoyote.

Sasa kwa nini pale. Mto unakuja na nguvu zake, bahari inakuja na zake, na mchanga chini unahama kila msimu. Meli zipatazo 2,000, ndogo na kubwa, zimepotea pale tangu wazungu waanze kupita mwaka 1792. Mpaka leo hakuna nahodha wa meli kubwa anayeingia peke yake. Lazima apande rubani wa pale pale, anayeujua mchanga. (Vijana wa siku hizi mkisikia rubani mwafikiri ndege. Rubani ni mtu wa chombo cha baharini tangu zamani, ndege zimetukuta.) Pale Fort Stevens, mwisho wa barabara, kwenye gati la mawe la kusini, palikuwa na jukwaa la mbao la kutazamia. Nlikaa pale saa mbili nikiangalia meli ya nafaka inavuka. Inapanda, inashuka, inapanda. Mke wangu alikuwa garini na joto.

Peter Iredale ilikuwa meli ya Waingereza, ya chuma, milingoti minne, na ilipanda mchanga tarehe 25 Oktoba 1906. Hakufa mtu hata mmoja. Mbavu zake ndizo zinazopigwa picha mpaka leo.

MwanaChumbageni

Mzee Rubani, shikamoo. Hilo la dakika 40 sikulijua. Kwenye ramani nilikuwa naziona kama nchi mbili.

Kijana wa Tukwila, je, Worden kuna mizinga yenyewe au zege tupu? Mwanangu ataniuliza kabla hatujafunga mlango wa gari.

Kijana wa Tukwila

Zege. Mizinga walibeba.

Mstari wa Nyuma (Everett)

Niingie hapo. Kama mtoto anataka mzinga wa kuushika kwa mkono, jibu si lolote kati ya hayo matatu. Ni Fort Casey, kisiwa cha Whidbey, ambayo iko mkabala na Worden ng'ambo ya mkondo. Worden, Casey na ngome ya tatu, Flagler, zilijengwa pamoja mwishoni mwa karne ya 19 kuziba njia ya kuingia Puget Sound, mkono wa bahari unaokwenda Seattle. Wenyewe waliziita pembetatu ya moto. Haikuwahi kufyatua risasi kwa adui.

Casey wana mizinga miwili ya inchi 10 ya aina iliyokuwa ikijificha. Mpango wake ni huu: mzinga unakaa chini nyuma ya ukuta wa zege, hauonekani kutoka baharini. Ukishapakiwa, uzito mkubwa wa chuma au madini ya risasi unaachiwa, unashuka, na mzinga unainuka juu ya ukuta kama ndoo ya kisima. Unafyatuliwa, na ule mshtuko wa kurudi nyuma unaushusha tena mpaka chini kwa ajili ya kupakiwa upya. Askari hawaonekani hata kidogo. Ilikuwa akili kubwa mpaka ndege zilipokuja, kwa sababu ukuta haukuwa na paa.

Ile ya asili ya Casey iliondolewa. Hiyo mnayoiona leo ililetwa kutoka Ufilipino, kwenye ngome ya Fort Wint, miaka ya 1960. Mtoto wa miaka 12 anaweza kupanda ngazi mpaka kwenye jukwaa la mpigaji. Mtoto wa miaka minne mshike mkono. Kingo za zege hazina vizuizi kila mahali na kushuka kwake ni kama ghorofa.

Shangazi wa Tacoma

Nyote mnaongea habari za mizinga na hakuna aliyemwambia huyu mtoto habari ya maji.

Mwanangu Chumbageni, mama yako akisikia "bahari" anawaza ufuo wa Raskazone kule Tanga. Mtu anaingia na khanga yake, anakaa majini mpaka vidole vinakunjamana. Hii siyo hiyo. Maji ya bahari hapa hata mwezi wa saba ni nyuzi 12, 13 hivi za Selsiasi. Ukiingia kifua kinakubana na pumzi inakataa. Usimwache agundue mwenyewe, mwambie akiwa Tanga bado, apakie soksi na sweta. Upepo wa kule mdomoni hautanii. North Head, pale Cape Disappointment, mwaka 1921 ulipimwa upepo wa zaidi ya maili 120 kwa saa.

La pili, magogo. Utaona magogo makubwa meupe yamelala ufuoni, watoto wanayapenda, wanataka kupanda. Wimbi moja lenye nguvu likifika linaliinua gogo la tani kama kijiti, na mtoto yuko chini yake. Na kuna mawimbi yanayokuja mara moja bila taarifa, marefu kuliko yote yaliyotangulia, baada ya dakika nyingi za utulivu. Usiipe bahari mgongo. Hilo wameliandika kwenye mabango na watu wanapiga picha wameyaegemea mabango hayo hayo, wameipa bahari mgongo.

La tatu. Kule Long Beach, jirani ya Cape Disappointment, magari yanaruhusiwa kuendeshwa ufuoni, ni barabara halali kabisa. Mume wangu akasema twende. Tukaenda vizuri sana, mchanga mgumu kama lami, mpaka alipotaka kugeuza akaingia kwenye mchanga laini karibu na vilima vya mchanga. Gari likakaa. Maji yanapanda. Tulivutwa na gari la huduma kwa bei ambayo sitaitaja hapa kwa sababu mume wangu yumo kwenye jamvi hili.

Baba Salma

Nimo. Na nilisema tubaki kwenye mchanga mgumu, wewe ndiye uliyetaka picha.

Kijana wa Tukwila

😂😂 Mzee ameonekana.

Lakini hebu tuseme ukweli kuhusu Fort Stevens. Watu wanaisifia eti "ngome iliyopigwa na Wajapani". Walipigwa, sawa. Wakajibu? Hawakujibu. Wakazima taa wakakaa kimya. Hiyo ndiyo historia ya kumpeleka mtoto?

Mstari wa Nyuma

Ndiyo hasa historia ya kumpeleka mtoto, na nitakwambia kwa nini.

Usiku wa tarehe 21 Juni 1942 nyambizi ya Kijapani I-25, chini ya nahodha Meiji Tagami, iliibuka nje ya mdomo wa mto. Ilikuwa imefuata mashua za wavuvi ili isikanyage mabomu ya majini. Ikafyatua makombora 17 kuelekea nchi kavu. Wale askari wa betri ya Russell, yaani kituo cha mizinga cha ngome ile, walitoka vitandani, wengine na nguo za ndani, wakakimbilia mizinga yao, wakapakia, wakasubiri amri. Amri haikuja. Makamanda waliona nyambizi iko mbali kuliko mizinga yao ya zamani ingeweza kufika, na mwako wa kufyatua ungewaonyesha Wajapani hasa mahali pa kulenga. Mabomu mengi yakaangukia mchangani na kwenye bwawa. Kilichoumia zaidi ni uwanja wa besiboli na nyaya.

Sasa mpeleke mtoto pale betri ya Russell, ambayo iko wazi, mnazunguka wenyewe. Msimamishe alipokuwa mpigaji. Mwulize: wewe ungefyatua? Wangu tulibishana naye mpaka Longview.

Na nyambizi ile haikuishia hapo. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo ilibeba ndege ndogo ikarusha mabomu ya moto kwenye misitu ya kusini mwa Oregon, karibu na mji wa Brookings. Msitu ulikuwa umelowa, moto haukushika. Rubani wa ile ndege, Nobuo Fujita (Mzee Rubani anisamehe kwa neno hilo), alialikwa Brookings mwaka 1962, akaenda na upanga wa ukoo wake akawapa wenyeji.

Rubani wa Kilindini

Nimekusamehe.

Ila mkizitaja nyambizi za Wajapani mimi nafikiri mbali na Oregon. Wazee wetu Mombasa walikuwa na habari zao. Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Kilindini kwenda Colombo. Ndani ya meli Khedive Ismail walikuwamo wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki, kikosi cha 301, vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpido. Ilizama kwa dakika mbili. Walikufa watu karibu 1,300. Hapo pana wapigaji mizinga ambao hawakupata hata nafasi ya kuambiwa wasipige.

Kwa hivyo mtoto akiuliza hiyo nyambizi ya Fort Stevens ina nini na sisi, jibu analo.

MwanaChumbageni

Mzee, hii sikuwahi kuisikia maishani mwangu, na nimesoma Tanga mpaka kidato cha sita. Shuleni tulifundishwa vita vya nyuki tu.

Mama Neema (Portland)

Vita ya nyuki ni nini tena?

MwanaChumbageni

Mama Neema, hiyo muulize mama yangu akifika, mimi akinisikia naisimulia vibaya atanikatiza. Kwa ufupi: Novemba 1914, Waingereza walishusha jeshi la kutoka India pale Tanga kuwatoa Wajerumani. Vita vikapamba moto, mizinga ya nyuki ikavurugwa, nyuki wakatoka. Waingereza walishindwa wakarudi melini. Tanga nzima inakwambia ni nyuki waliowashinda. Na mzinga kwa Kiswahili ni wa nyuki kabla ya kuwa wa bunduki, mama hupenda sana kulisema hilo.

Shangazi wa Tacoma

Haya, historia tumeshiba. Cape Disappointment imesemwa nini? Mimi nadhani tunaionea.

Rubani wa Kilindini

Haionewi kwa uzuri. Kwa macho, ndiyo ya kwanza kati ya zote. Jabali limesimama juu ya bahari, mnara wa taa mmoja wa mwaka 1856 unaangalia mdomo wa mto, na wa pili, North Head, wa mwaka 1898, kwa sababu meli zilizotoka kaskazini zilikuwa haziuoni ule wa kwanza mpaka zimeshachelewa. Jina alilitoa nahodha Mwingereza, John Meares, mwaka 1788. Alifika akitafuta mto, akaona ni ghuba tu, akasikitika, akaondoka. Mto ulikuwa mbele ya pua yake.

Lakini miguu. Kwenda kwenye mnara wa kwanza ni kupanda. Kwa goti bovu, hapana. North Head ni njia fupi, kama robo maili, inakwendeka pole pole. Na ufuo mdogo wa Waikiki pale chini unaufikia kwa gari. Waikiki huu si jina la utalii. Alizikwa hapo baharia wa Hawaii ambaye mwili wake uliletwa na maji, baada ya mashua ya meli moja ya wafanyabiashara wa ngozi kupinduka kwenye mchanga wa mdomo mwaka 1811. Wahawaii walikuwa mabaharia kwenye meli nyingi za pwani hii. Kila nikikaa pale nafikiria watu wa Pwani yetu waliokufa kwenye meli za watu, na hakuna ufuo uliopewa jina lao.

Mstari wa Nyuma

Na kwa mtoto wa kike wa miaka tisa (umesema wa pili ni wa kike?) kuna York. Lewis na Clark, wapelelezi waliotumwa na serikali ya Marekani kutafuta njia ya kufika bahari hii, walipofika pale Novemba 1805, kabla ya kuamua wapi wapitishe baridi, kila mmoja aliulizwa maoni na yakaandikwa kwenye daftari. York, Mwafrika aliyekuwa mtumwa wa Clark, aliulizwa na jibu lake likaandikwa. Sacagawea, mwanamke wa Kishoshoni, naye vile vile. Wakavuka kusini, wakajenga Fort Clatsop, ambayo iko dakika chache tu kutoka Fort Stevens. Waliporudi nyumbani York alibaki mtumwa. Mwambie na hiyo sehemu, usimkatie hadithi njiani.

MwanaChumbageni

Sikusema wa pili ni wa kike lakini umepatia.

Haya, nimepiga hesabu. Ijumaa jioni nimepata yurt moja Fort Stevens, mtu kaiacha, ya Jumamosi usiku tu. Kwa hiyo: Jumamosi asubuhi Kent mpaka Fort Stevens moja kwa moja. Mchana ziwani, jioni Peter Iredale. Jumapili asubuhi betri ya Russell, halafu tunavuka daraja, Cape Disappointment kwa saa tatu hivi, North Head na Waikiki tu, halafu nyumbani. Worden nimeiweka pembeni. Kijana, usinune.

Swali: pasi ya kuingiza gari hifadhini, Discover Pass, ninayo ya mwaka. Inatosha?

Shangazi wa Tacoma

Kwa Washington tu. Oregon wana yao, unalipia maegesho huko huko, na gari la namba za nje linalipa zaidi kidogo. Ukilala kambini, uliza, mara nyingi siku hiyo inahesabika humo. Asiye na pasi Washington ni dola 10 kwa siku.

Mama Neema (Portland)

Na kama bwana anataka kuchimba wale kombe barefu kama wembe, ba ufuo ya Clatsop pale Fort Stevens, aangalie tarehe. Kuanzia 15 mwezi wa saba mpaka mwisho wa mwezi wa tisa banafunga, banaacha badogo bakue. Na hata wakati bamefungua, mtu wa miaka 12 kwenda juu anahitaji leseni, na ni kombe 15 za kwanza unazochimba, kubwa kwa ndogo, huchagui. Mwaka moja balifunga kwa sababu ya sumu. Usile kombe la kuokota.

Kijana wa Tukwila

Sijanuna. Nangoja mrejesho.

MwanaChumbageni

Wanajamvi, tumerudi juzi. Samahani kwa kuchelewa, mchanga bado unatoka kwenye gari.

Nianze na mabaya. Jumamosi tulifika na ukungu, bahari haikuonekana mpaka saa kumi jioni. Mama akasimama kwenye maegesho akaniuliza, "Umenileta kuangalia moshi?" Upepo ulizima jiko la gesi mara tatu na pilau lilipikiwa ndani ya kikingo cha magogo, yale yale Shangazi aliyotukataza, lakini juu kabisa mbali na maji, naapa. Kila tonge lilikuwa na mchanga. Yurt ni nzuri, ila sisi sita tulikuwa tumebanana kama dagaa kwenye tenga.

Ziwa lilituokoa. Mama Neema, Mungu akubariki. Wadogo walikaa majini saa tatu, na mama alikaa na miguu ndani ya maji mpaka vifundoni, akasema haya ni maji ya binadamu.

Ukungu ulipoinuka tukaenda Peter Iredale. Kila mtu anapiga picha, jua linazama katikati ya zile mbavu. Mama akaizunguka meli nzima polepole na fimbo yake. Akarudi. Akauliza, "Miaka mia na ushee, chuma chote hiki, na hakuna mtu wa skrepa aliyekuja na msumeno?" Nikamwambia watu huja kuiangalia. Akasema, "Tanga isingemaliza wiki."

Jumapili asubuhi betri ya Russell. Mkubwa wangu nilimsimamisha pale nilipoambiwa nikamwuliza swali la Mstari wa Nyuma. Akasema angefyatua, hata kama haifiki, wajue tumewaona. Bibi yake akasema asingefyatua. Akasema Wajerumani wa Tanga hawakupiga kelele, waliwaacha Waingereza washuke kwanza ndio wakaanza. Nikaona mtoto anamtazama bibi yake upya kabisa. Wakaanza vita vya nyuki, wameketi kwenye ngazi za zege, saa nzima, na familia moja ya Kimarekani ikasimama kusikiliza bila kuelewa hata neno kwa sababu mama huigiza nyuki. Yule wa miaka minne alilia kwenye korido ya giza kwa mwangwi wa sauti yake mwenyewe, tukatoka.

Mzee Rubani, ile hadithi ya Khedive Ismail nilimweleza mama darajani tukivuka. Alikaa kimya mpaka tukafika upande wa pili. Halafu akataja jina la mtu mmoja wa mtaani kwao, aliyekwenda vita vya Wajapani na hakurudi, na hawakuwahi kuambiwa alifia wapi. Siwezi kusema ndiye. Nimeliandika jina, nikienda Tanga nitaulizia kwao.

North Head goti lilihimili. Waikiki tulikula machungwa. Mnara wa kwanza tuliuangalia kutoka chini.

Rubani wa Kilindini

Usiulizie kwao pekee. Majina ya waliokufa vitani bila kaburi yameandikwa kwenye makumbusho ya Afrika Mashariki kule Nairobi, na tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha inayotafutika kwa jina na kikosi. Nitumie hilo jina kwa faragha, nina muda.

MwanaChumbageni

Nimekutumia sasa hivi, mzee. Na jina la baba yake nimeliweka, maana enzi zile waliandika wanavyosikia.

Kijana wa Tukwila: mama amesikia mtoto anasoma jamvi hili kwa sauti. Anataka kujua hilo daraja linalofungukia nyambizi liko wapi. Jumamosi ijayo tunakuja Worden. Tochi ni zako.